Yamaha Enduro 15 kwenye mashua ya tanga: mashine nzuri, propela isiyofaa

Enduro 15 ya Yamaha (E15D), mashine ya nguvu za farasi 15 inayofungwa nyuma ya chombo, inaifaa mashua ya tanga ya mita 6 hadi 8, ila si kwa namna inavyotoka dukani. Imetengenezwa kwa boti nyepesi ya faiba inayopaa juu ya maji. Mashua ya mbao yenye mlingoti, foromali (boriti ya kubeba tanga) na farumi ya mchanga (uzito wa kuituliza) haipai. Inapasua maji, basi. Malalamiko mengi yanayosikika kuhusu mashine hii, kwamba inakula plagi, inafuka moshi, inachemsha, inazima ukipunguza, yanatokana na tofauti hiyo, pamoja na jambo jingine moja: mashine ya kusaidia tanga hulala sana. Kusi likivuma vizuri inaweza kukaa wiki nzima bila kuguswa. Halafu zinaingia tanga mbili, majira pepo zinapobadilika, upepo unakufa katikati ya mlango wa bahari, na inatakiwa iwake kwa mvuto wa kwanza huku maji makubwa ya bamvua yakisukuma chombo mwambani.

Ni mashine ya mipigo miwili, silinda mbili, sentimita za ujazo 246, kabureta moja, moto wa CDI (kisanduku cha umeme kinachozipa plagi cheche), stati ya kamba. Haina betri wala kompyuta wala pampu ya oili, kwa hiyo hakuna kinachoweza kuharibika humo ambacho fundi wa kijijini hajawahi kukifungua. Uzito wake ni karibu kilo 36 kwa mguu mfupi. Mtu mmoja mwenye mgongo mzima anaibeba hadi ufukweni. F15C, ndugu yake wa mipigo minne mwenye nguvu ileile, ina uzito wa takriban kilo 50. Hiyo ya mipigo minne inakunywa petroli kidogo zaidi, haifuki moshi, na kwa mwenye kupeleka wageni kila siku ni chaguo bora. Lakini vijitundu vya kabureta yake ni vyembamba, vinaziba upesi kwa petroli chafu, na ukiilaza kwa ubavu usio sahihi oili inapanda kwenye silinda. Kwa chombo kinachopandishwa ufukweni kila jioni na mashine kubebwa nyumbani isiibwe, Enduro inashinda. Ulaya na Marekani mashine za namna hii zimeondoka madukani kwa sheria za moshi. Huku kwetu bado spea zake ni rahisi kupata kuliko za mashine nyingine yoyote ya ukubwa huo, na hilo pekee linatosha kumfanya mtu aichague.

Herufi za kibaoni zina maana. Katika E15DMHL, M ni stati ya mkono, H ni usukani wa mkono, na L ni mguu mrefu, yaani inchi 20. Mwisho ukiwa S ni mguu mfupi, inchi 15. Kwa mashua ya tanga chukua L bila kujadiliana. Chombo kizito kinachopigwa na wimbi la nyuma huinua shetri, propela ya mguu mfupi inatoka majini, mashine inapiga kelele bila mzigo, kisha inarudi majini kwa kishindo. Mara chache haidhuru. Ikiwa safari nzima ni hivyo, ile raba iliyomo ndani ya propela inaachia, na pampu ya maji inavuta hewa badala ya maji. Ngalawa ina taabu zaidi kwa sababu haina shetri ya kufungia. Ubao wa pembeni unaowekwa juu ya mkia wake uwe mrefu wa kutosha kuliteremsha bamba la juu ya propela walau sentimita 10 chini ya maji chombo kikiwa na mzigo wake wa kawaida.

Parafujo mbili za kubana peke yake hazitoshi. Mtikisiko huzilegeza, na mashine nyingi zilizo chini ya bahari zilikwenda kwa njia hiyo. Pachiko lina matundu ya bolti. Toboa shetri, pitisha bolti za chuma kisichoshika kutu, weka kipande cha mbao ngumu upande wa ndani na washa pana, kisha funga kamba nene kutoka kwenye mashine hadi kwenye mbavu ya chombo.

Propela

Hapa ndipo pesa ndogo inapoleta tofauti kubwa kuliko popote. Propela ya Enduro ina namba mbili zilizochorwa, kwa mfano 9¼ x 9¾. Ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili ni hatua, yaani umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu. Hatua ya 9¾ au zaidi ni ya boti inayokimbia. Mashua yenye mita 6.5 kwenye mstari wa maji haiwezi kupita kama noti 6, hata ukiifunga mashine mbili, kwa sababu inanaswa kwenye wimbi inalolitengeneza yenyewe. Ukiipa propela ya hatua ndefu, mashine inaguna: mkono wa mafuta umefunguliwa wote lakini mizunguko haifiki.

Yamaha wanataka mashine hii, mkono ukiwa wazi kabisa, izunguke kati ya mara 4,500 na 5,500 kwa dakika. Kwenye mashua nzito yenye propela ndefu inaweza kukwama chini sana ya hapo. Mtu anadhani anaitunza kwa sababu haipigi kelele. Kumbe oili haiungui yote, masizi yanajaa kwenye mifereji ya ringi, ringi zinanata, mgandamizo unashuka, na plagi zinatoka nyeusi zenye majimaji. Mwaka hauishi kabla mashine hiyo haijaitwa “imechoka”, na mwenye nayo anaanza kuilaumu oili.

Tafuta ya 9¼ x 8. Ipo, inaingia kwenye mhimili uleule (familia yenye herufi J mwishoni), na kupunguza inchi moja ya hatua kwa kawaida huongeza mizunguko kama 150 hadi 200. Kipimo cha mizunguko cha bei ndogo, kile chenye waya unaozungushwa kwenye waya wa plagi, kitakuambia kwa dakika tano kama umepatia. Faida nyingine utaiona unaporudi nyuma au unapotaka kusimamisha chombo gatini: mashua inatii. Kumbuka tu kwamba ukirudi nyuma lazima komeo la kuzuia mashine kuinuka liwe limefungwa, la sivyo mguu unaruka juu.

Mwenye mashua ya mita 6 angetosheka na mashine ya 8. Wanaonunua 15 hawakosei. Mkondo wa bamvua kwenye milango ya Lamu au kati ya Mafia na bara haupimwi kwa hesabu ya siku tulivu. Lakini wajue wananunua akiba, si mwendo.

Petroli na oili

Uwiano ni 50 kwa 1 baada ya mashine kuzoea, na 25 kwa 1 katika saa 10 za kwanza za mashine mpya. Kwa dumu la lita 20, hiyo ni mililita 400 na mililita 800. Kwa tangi jekundu la lita 24 lililojaa ni mililita 480, karibu chupa ya maji ya nusu lita. Tia kwanza lita chache za petroli, mimina oili, tikisa, ndipo ujaze. Ukiweka oili kwanza kwenye dumu tupu inakaa chini, na mashine itakunywa petroli kavu mwanzoni na uji mwishoni.

Oili iwe yenye alama ya TC-W3, ile ya mashine za boti za mipigo miwili. Ile ya 2T ya pikipiki na misumeno imetengenezwa kwa mashine zinazopozwa kwa hewa, zenye joto kubwa; viungo vyake huacha majivu ambayo kwenye mashine inayopozwa kwa maji ya bahari hujikusanya juu ya pistoni na kwenye ncha ya plagi. Kuongeza oili “kwa usalama” hadi 30 kwa 1 nako hakusaidii mashine iliyokwisha kuzoea, kunajaza masizi tu. Lakini kosa la upande wa pili ni baya mara mia: dumu la akiba lisilo na oili, kijana anajaza tangi gizani, na ndani ya muda mfupi pistoni imekwaruza ukuta na mashine imenoki, haizunguki tena. Dumu lililochanganywa lifungwe kitambaa shingoni, na lisilochanganywa lisipande chomboni kabisa.

Ukifungua mkono wote, hesabu karibu lita 7 kwa saa. Tangi la lita 24 ni saa tatu na kidogo. Kwenye mashua mwendo wa nusu mkono unakupa noti 5 kwa chini ya nusu ya petroli hiyo, kwa hiyo zile noti za mwisho ndizo za gharama.

Maji kwenye petroli ndiyo yanayosumbua zaidi pwani kuliko kitu kingine chochote. Hutoka kwenye madumu ya chini ya duka, kwenye unyevu wa usiku ndani ya tangi nusu tupu, na kwenye skrubu ya hewa iliyoachwa wazi mashua ikilala ubavu kwa tanga. Kuchuja kwa kitambaa hakusaidii, kwani maji hupita kitambaani. Liache dumu litulie usiku mzima, mimina polepole, na lita ya mwisho usiitie. Ukishuku, jaza chupa ya kioo na uitazame dhidi ya mwanga: maji yatakaa chini, na mstari utauona. Funga chujio la kutenganisha maji kati ya tangi na mashine, lile la kikombe cha kufungua, ulifunge palipo juu ya maji ya ngamani, yale yanayokusanyika chini ndani ya chombo.

Kwa mashine inayolala, kanuni ni kwamba petroli isilale kwenye kabureta. Joto la pwani huifukiza na kuacha oili na gundi kwenye jeti, vile vijitundu vya kabureta. Mashine inawaka na choki lakini inakufa ukirudisha, au inakimbia vizuri na kuzima kwenye silensa, yaani mwendo wa chini kabisa. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Chomoa mpira wa mafuta, fungua skrubu hiyo, kinga kwa kikopo, funga. Wengine huchomoa mpira na kuiacha mashine ijifie. Inafanya kazi pia, ila sekunde za mwisho inakimbia bila oili ya kutosha, na bado tone linabaki bakulini. Skrubu ni bora. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi, usiupoteze: tia kidogo kidogo kwenye petroli mpya.

Ikizima njiani

Kabla ya kuvua kofia ya mashine, tweka tanga au tia nanga. Mwamba haumsubiri fundi.

Namna ilivyozima inaeleza mengi. Ikikata ghafla, mara moja, tazama moto: kwanza ile kamba ya usalama yenye klipu, ambayo mguu wa mtu huivuta bila yeye kujua. Ikifa taratibu, ikipandisha na kushusha, tazama mafuta. Ikipunguza nguvu yenyewe kwa uzito huku ikinuka joto, usiivute tena mpaka ujue kama maji yanazunguka.

Upande wa mafuta, anza na yasiyohitaji spana. Skrubu ya hewa kwenye mfuniko wa tangi imefunguliwa? Ikiwa imefungwa, tangi linabonyea na mashine inakaukiwa baada ya dakika kumi au ishirini. Minya balbu, ile raba ya mviringo iliyo kwenye mpira wa mafuta. Ikiwa ngumu, petroli imefika. Isipokuwa ngumu hata ukiminya mara kumi na tano, kuna hewa inaingia, na mara nyingi ni kwenye kiungio cha kuchomeka mashineni, ambako raba nyembamba ya duara imekatika. Ibebe ya akiba, ni ndogo kuliko pete. Balbu ielekezwe mshale ukitazama mashine na ishikwe wima unapominya, vali zake zipate kukaa. Kama mashine inaishi pale tu mtu anapoendelea kuminya balbu, utando wa pampu ya mafuta umetoboka. Unaweza kufika nyumbani kwa kuminya hivyo hivyo, kisha ubadilishe utando na gasketi zake. Baada ya hapo ndipo ufungue chujio dogo lililo mashineni na kumwaga bakuli la kabureta kuangalia maji.

Plagi za kawaida ni NGK B7HS-10, na hiyo 10 ya mwisho maana yake ni mwanya wa milimita 1.0. B7HS isiyo na 10 inaingia kwenye tundu lilelile lakini mwanya wake ni mdogo. Usichanganye, moja ya hivi na moja ya hivi. Kupima moto: chomoa plagi, irudishe kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye bloku mbali na tundu la silinda, vuta. Futa petroli iliyomwagika kwanza, maana cheche haichagui. Cheche ya bluu inayosikika mlio ni nzuri. Ya manjano na dhaifu kwenye silinda moja tu ni kofia au waya ulioliwa na chumvi. Ikikosekana kwenye zote mbili, chomoa waya za swichi ya kuzimia ujaribu tena kabla ya kumhukumu CDI. Swichi hiyo ikiingiwa na chumvi ndani inazima mashine saa yoyote inayotaka, na watu wamenunua CDI mpya kwa ajili ya swichi.

Plagi zikitoka zimelowa, mashine imelewa petroli. Rudisha choki, fungua mkono wote, vuta mara sita au nane plagi zikiwa nje, zikaushe, zirudishe. Na kamba ya stati ikikatika, vua kifuniko chake: gurudumu la chini yake lina mkato wa kushikia fundo. Zungusha kamba kuelekea upande wa saa, vuta, na usikirudishe kifuniko mashine ikizunguka. Weka nyutro.

Maji ya kupoza

Mashine ikiwaka, mchirizi wa maji nyuma yake uonekane ndani ya sekunde chache. Usipoonekana, zima, kisha pitisha uzi mnene wa mshipi kwenye tundu la mchirizi. Mara nyingi ni mchanga tu, hasa kwa mashine inayozimwa kwenye maji machache. Bado hakuna? Ni impela.

Impela ni raba yenye mabawa, iko juu ya sanduku la gia. Badilisha kila mwaka, na badilisha siku ileile mashine ilipowashwa nje ya maji hata kwa nusu dakika. Kuitoa unatenganisha kwanza fimbo ya gia, kisha bolti zinazoshika mguu wa chini, unaushusha wima. Chini ya kifuniko cha pampu kuna impela na kifunguo kidogo cha chuma kinachoizuia isizunguke bure kwenye mhimili. Kinadondoka kwenye nyasi na hakionekani tena, kwa hiyo fanya kazi juu ya kanga iliyotandazwa. Pakaza impela mpya maji ya sabuni, iingize huku ukizungusha mhimili upande wa saa ili mabawa yalale upande sahihi. Bawa likiwa limekatika kwenye ile ya zamani, kitafute kipande chake, kwa sababu kimepanda juu na kitaziba njia.

Fundi mwenye haraka hukosea pale anaporudisha: bomba la maji linaloteremka kutoka juu lazima liingie kwenye raba yake juu ya pampu. Likikaa pembeni, mguu unafunga vizuri, bolti zinakaza, na maji hayapandi. Pakaza grisi bolti zote kabla ya kuzirudisha, maana chumvi huzigandisha ndani ya aluminiamu na mwaka ujao zitakatika kichwa.

Kusafisha kwa maji matamu ni dakika 10 ndani ya pipa, gia nyutro, silensa tu, maji yakifunika bamba la juu ya propela. Panapo shida ya maji matamu, pipa moja linaweza kutumika kwa mashine mbili, si zaidi. Baada ya hapo unazungusha chumvi. Vile vipande vya zinki vinavyojitoa mhanga kwa kutu visipakwe rangi kamwe, na vibadilishwe vikiliwa nusu.

Gia

Fungua skrubu ya chini ya sanduku la gia kila saa 100 au miezi sita. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na mkosaji wa kawaida ni mshipi wa samaki uliojizungusha nyuma ya propela na kukata sili. Kwa hiyo vua propela kila mwezi uutazame mhimili. Ni pini moja na nati moja. Kujaza, robo lita hivi ya oili ya gia, unasukuma kutoka tundu la chini mpaka itoke ya juu, unafunga juu kwanza.

Ikizama

Mashine iliyoangukia maji ya chumvi inaokoka ikishughulikiwa ndani ya saa chache, na haiokoki ikiachwa juani hadi kesho yake “ikauke”. Kama lazima isubiri, ni heri isubiri ndani ya maji matamu. Vua kofia, mwagia maji matamu kila mahali, toa plagi, iinamishe matundu ya plagi yakitazama chini, vuta kamba taratibu mpaka maji yaishe. Ikigoma kuzunguka au ikikwaruza, ilikuwa inakimbia ilipozama, usiilazimishe, ifunguliwe. Ikizunguka laini, mwaga kabureta, tia kijiko cha oili ya TC-W3 kila silinda, vuta tena mara kumi, weka plagi kavu na petroli mpya, iwashe na uiache ikimbie nusu saa pipani ili joto lifukuze unyevu kwenye beringi.

Kununua iliyotumika

Epuka zenye herufi EK kibaoni kama huna nia ya kutumia mafuta ya taa. Ndizo zilizotengenezwa kwa mafuta hayo. Pima mgandamizo wa silinda zote mbili mashine ikiwa na joto, mkono wazi, plagi zote zikiwa nje: namba zikipishana zaidi ya sehemu moja ya kumi, ringi au ukuta una tatizo. Tazama vichwa vya bolti za mguu. Vikiwa bado na rangi ya kiwandani isiyoguswa, impela haijawahi kubadilishwa. Shika propela na uitikise juu chini, kisha legeza skrubu ya chini ya gia mbele ya muuzaji. Akikataa isiguswe, nenda kwa muuzaji mwingine.